Audacity kwa mradi wa muziki wa chuo: nilivyorekodi kidumbaki Unguja

Ndani ya mwezi huu vijana watatu wa vyuo tofauti wameniuliza kitu kile kile, wana mradi wa muziki wa kumalizia chuo, hela ya studio hawana, laptopu wanazo za kuungaunga, je Audacity inatosha au wakope wakalipie studio? Wote nimewajibu kwa voisi ndefu za WhatsApp mpaka nikaona bora niandike mara moja yaishe. Inatosha. Naipa nyota nne kati ya tano bila kusita, ila ile nyota moja iliyobaki nataka niielezee vizuri maana haijapotea kwa sababu ya programu peke yake, sehemu kubwa ya kilichoharibika kwenye mradi wangu nilikiharibu mwenyewe, nikidhani kelele ni kitu unachofuta tu kama vumbi mezani.

Kwa asiyeijua, Audacity ni programu ya kurekodi na kuediti sauti, bure kabisa, unadaunlodi unaanza kazi, haikuulizi kadi ya benki wala haikupi siku 30 halafu ikajifunga. Yenyewe ilizaliwa chuoni, walianza kuitengeneza 1999 pale Carnegie Mellon Marekani, ikatoka kwa watu 2000. Inaingia Windows, Mac na Linux. Kwenye simu haipo, ukikuta app ya simu inajiita hilo jina ujue si yenyewe. Mimi nilianza nayo 2019 kwenye laptopu yenye RAM ya GB 4 ambayo ukifungua intaneti na muziki kwa pamoja inaanza kupumua kwa shida, na ikabeba. Hiyo peke yake kwa mwanafunzi ni sababu tosha.

Sasa mradi wenyewe. Wenzangu wengi darasani walichagua kutengeneza biti, wengine wakarekodi kwaya za makanisani kwao, mimi nikasema naenda Unguja kurekodi kidumbaki. Kidumbaki kama hujawahi kukisikia ni ndugu wa taarabu, lakini ndugu anayekaa uswahilini, hakina kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, wala safu ya fidla kumi zilizovaa suti. Kuna vidumbaki viwili, ngoma ndogo ndogo anazipiga mtu mmoja, kuna fidla moja, kuna cherewa za kutikisa na mkwasa wa kugonganisha, na kuna sanduku. Sanduku ndiyo besi. Ni sanduku la mbao kweli, yale ya zamani ya majani ya chai, limegeuzwa, limesimamishiwa fimbo na kamba moja, mpigaji analikanyaga kwa mguu huku anavuta fimbo ili kamba ikaze au ilegee, na noti zote anazitafuta kwa mkono na sikio. Hakuna alama popote ya kumwonyesha sauti iko wapi. Mara ya kwanza kumwona yule mzee akilipiga nilisahau kabisa kuwasha rekoda.

Tulikwenda mwishoni mwa Machi 2019 mimi na mwenzangu mmoja, boti kutoka Dar ni kama saa mbili tu, na njiani nilikuwa nawaza kwamba Siti binti Saad na wenzake mwaka 1928 ilibidi wapande meli mpaka Bombay ndiyo wakarekodiwe santuri, na mimi hapa studio nzima imo kwenye begi la mgongoni. Nilijiona nimebeba kitu kikubwa sana. Tulikuwa na rekoda mbili za mkononi, moja ya kuazima idarani, moja ya rafiki. Muda ulikuwa mfupi kwa sababu Ramadhani mwaka ule ilikuwa inaingia mwanzoni mwa Mei, na kabla ya Ramadhani Unguja harusi hazina idadi, kwa hiyo kundi lenyewe lilikuwa na kazi karibu kila wikiendi, sisi tukapewa Jumatatu na Jumanne jioni. Nyumba ya bati, feni ya darini, kunguru juu ya mwembe, bodaboda njiani. Na masika ndiyo imeanza.

Mvua ilinyesha. Aliyewahi kurekodi chini ya bati anajua, hapo hakuna cha Audacity wala cha studio ya mamilioni, unazima rekoda unasubiri. Tulisubiri saa nzima na nusu, wazee wakanywa kahawa, na hiyo saa na nusu kusema kweli ndiyo darasa bora nililopata mwaka ule, lakini hilo nitalifikia.

Kosa la kwanza lilikuwa viwango. Nikawaomba wapige kidogo nipime sauti, na wao ni watu waungwana, wakapiga kiungwana, polepole, mimi nikaweka kiwango mshale ukicheza kwenye dB -6 (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti, sifuri ndiyo ukingo, ukiivuka sauti inapasuka) nikaridhika. Wimbo ulipofika dakika ya nne akina mama wakaachia vigelegele, mpigaji wa vidumbaki akafungua mikono, na ile ngoma ikawa si ile niliyoipima. Nilipokuja kulifungua faili kwenye Audacity nikawasha ile alama ya kuonyesha sauti iliyopasuka, mistari myekundu imejaa kuanzia pale mpaka mwisho, mawimbi yamekatwa vichwa yamekuwa bapa kama michongoma iliyopitiwa na panga. Programu ina kitu kinaitwa Clip Fix cha kujaribu kurudishia vichwa hivyo, na kwa mpasuko mmoja mmoja kinasaidia, lakini ngoma ilipopasuka dakika mbili mfululizo hakuna cha kurudishia, rekoda haikuvikamata vichwa hivyo. Siku ya pili nikabadilisha ombi. Sikusema tena "naomba mpige kidogo," nilisema "naomba mnipigie pale mwisho kabisa, pale bibi harusi anapotolewa," wakacheka, wakapiga kweli kweli, nikashusha kiwango mpaka pale palipo moto pakabaki kwenye -10 hivi. Nyimbo zote tatu zilizoingia kwenye mradi ni za siku hiyo ya pili.

Kosa la pili ni la metronomu. Chuoni tulifundishwa rekodi nzuri inafuata kliki, basi mimi nikaitengeneza kwenye Audacity, ipo kwenye menyu ya kuzalisha sauti, unachagua mapigo mangapi kwa dakika inakutolea tik tik tik. Nikaweka 120, nikamvisha mzee wa sanduku hedifoni. Akasikiliza kidogo ametulia, akaanza, baada ya kama dakika moja akavua akaniwekea mkononi kwa adabu zote.

"Mwanangu, hichi kinatufuata sie au sie ndo tunakifuata?"

Nikamwambia nyinyi ndiyo mnakifuata mzee. Akasema, "Basi na wachezaji watamfuata nani?"

Sikuwa na jibu na mpaka leo nikiliwaza lile swali naona lilikuwa sahihi. Lile kundi linapiga nyimbo zikiunganishwa, wanaanza wastani na wanapanda na watu walioko mbele yao, wakimwona mama mmoja kachoka wanashusha kidogo, wakiona kiuno kimekolea wanakaza. Nilikuja kupima baadaye kwenye mawimbi, wimbo mmoja ulianza karibu na 112 ukaishia 138, na hakuna hata sehemu moja utakayosema hapa wameharakisha, umepanda kama maji kujaa. Kliki ingeua kitu chote. Ile saa na nusu ya mvua ndiyo waliyonieleza haya, nani anamtazama nani, kwa nini sanduku linakaa karibu na vidumbaki na si karibu na fidla, kwa nini mwenye cherewa hatakiwi kuwa mtu wa haraka haraka. Hakuna swali hata moja kati ya hayo nililokuwa nimeliandika kwenye pendekezo la mradi.

Haya, turudi kwenye programu. Audacity ukiifungua mara ya kwanza haikutishi. Unaburuta faili unalidondosha, mawimbi yanatokea, unakata kwa kuchagua na kubonyeza futa, unakosea unabonyeza Ctrl+Z. Kwa kukata, kuunga, kupunguza sauti taratibu mwishoni mwa wimbo, kuweka traki mbili sambamba, sijaona programu iliyo rahisi kuliko hii, na mtu ambaye hajawahi kuediti chochote anaiweza ndani ya siku moja. Rekoda zangu mbili nilizilinganisha kwa kofi, kabla ya kila wimbo mwenzangu anasimama katikati anapiga kofi moja kali, kwenye mawimbi kofi linaonekana kama mwiba, unalinganisha mwiba na mwiba kazi imeisha. Ila nikagundua wimbo wa dakika sita ukifika mwishoni rekoda mbili zinaanza kupishana kidogo, ngoma inasikika mara mbili kama mwangwi, maana kila rekoda ina saa yake ya ndani na hazikimbii sawa. Dawa nikaipata humo humo, nikapiga kofi mwanzo na mwisho wa wimbo, nikabadilisha mwendo wa traki moja kwa asilimia ndogo sana mpaka makofi yote mawili yakakaa.

Kitu kinachowavutia wengi kwenye Audacity ni kile cha kupunguza kelele, Noise Reduction. Unachagua kipande chenye kelele tupu, unaiambia programu hii ndiyo kelele, halafu unachagua wimbo wote unaiambia iondoe. Kwa mtu anayeongea kwenye chumba chenye feni inafanya maajabu, hotuba za watu nimezisafisha nyingi kwa njia hiyo. Mimi nikachukua sekunde tano za feni na upepo kabla wimbo haujaanza, programu yenyewe wakati ule ilikuwa inapendekeza upunguze dB 12, nikaona feni bado inasikika kwa mbali, nikapandisha mpaka 30. Feni ikafa kabisa. Nikafurahi, nikafanya nyimbo zote tatu, nikalala.

Asubuhi nikasikiliza kwa akili iliyopumzika, nikaona kuna kitu hakiko sawa ila sikijui. Nikarudia kama mara nne. Cherewa. Cherewa zilikuwa zimegeuka kitu cha ajabu, si kutikisika tena, ni kama mtu anasukutua maji kwenye chumba cha pili. Nikakaa chini nikafikiria, cherewa ni nini? Ni chembe chembe ndani ya kifuu, sauti yake ni shhh shhh, haina noti, ukiitazama kwenye picha ya masafa ya sauti, kutoka besi mpaka sauti nyembamba, imejaa kote kuanzia katikati mpaka juu kabisa, yaani imeumbwa kama upepo wa feni ulivyo. Programu ilifanya nilichoiambia. Niliionyesha upepo nikasema hii ni takataka, ikakuta upepo mwingine mdogo mdogo unaokwenda kwa mapigo ikautoa na wenyewe. Haiwezi kujua kwamba huu mmoja kuna mama amekaa anautikisa kwa umakini tangu jioni. Nikarudi kwenye faili za mwanzo, nikaipunguza feni kwa dB 6 tu, na pale cherewa zilipokuwa peke yake na fidla sikugusa kabisa. Feni inasikika kwenye mradi wangu mpaka leo ukiweka hedifoni. Naipenda. Lakini ningekuwa na akili ya sasa ningeomba tu izimwe tukavumilia jasho kwa dakika sita.

Yaani kama kuna kitu kimoja nataka hawa vijana watatu wakichukue ni hiki, Noise Reduction ipigwe kidogo kidogo, sikiliza kilichotolewa na si kilichobaki tu. Audacity inakuruhusu, kuna sehemu ya kuchagua usikie mabaki, yaani ile takataka yenyewe inayotupwa. Ukisikia ndani ya takataka kuna muziki, simama.

Katikati ya yote haya nikapoteza kazi ya wiki mbili. Toleo la wakati ule lilikuwa linahifadhi mradi kwa vitu viwili, faili dogo la aup na folda pembeni lenye sauti zenyewe, mimi nikakopi lile faili dogo tu kwenye flashi nikafuta kilichobaki kwenye laptopu ili nipate nafasi. Nilipofungua kwenye kompyuta ya maktaba likaniambia sauti hazionekani. Kilichoniokoa ni kwamba kadi za rekoda sikuzifuta, nikaanza upya. Tangu toleo la 3 lilipotoka 2021 hiyo shida imekwisha, mradi mzima ni faili moja la aup3, unalibeba popote, na kwangu mimi hayo ndiyo maboresho makubwa kuliko yote waliyofanya. Pamoja na yale ya toleo la 3.2 ya mwaka 2022, efekti sasa unaziweka juu ya traki na kuziondoa muda wowote huku wimbo unacheza, zamani ukishaweka efekti imechomekwa ndani ya sauti, ukisevu na kufunga basi, Ctrl+Z haikumbuki tena. Kwa hiyo anayeanza leo anaanza mahali pazuri kuliko mimi.

Fidla nayo ilikuwa na kisa chake. Mpigaji alibanwa na harusi Mkokotoni ile Jumanne, akaja Jumatano asubuhi peke yake, nikamrekodi kwenye laptopu kwa maiki ya USB huku anasikiliza wenzake kwenye hedifoni. Alipiga vizuri sana, mimi niliyekuwa nikimsikia chumbani nilisisimka, lakini kwenye rekodi anasikika yuko nyuma, kidogo tu, kama mtu anayekimbilia daladala. Nikamwomba radhi nikamwambia turudie, akarudia, yuko nyuma vilevile. Mpigaji hana kosa, ni laptopu, sauti inachukua muda kuingia na kutoka, na Audacity ina namba ya kufidia huo ucheleweshaji, imewekwa -130 milisekunde kama kianzio, lakini kila kompyuta ina kiasi chake na lazima upime mwenyewe. Unapima kwa kucheza kliki kwenye spika huku unairekodi kwa maiki hiyo hiyo, unaangalia imepishana kiasi gani, unaweka namba. Dakika kumi tu. Sikuzifanya kabla ya kumwita mtu mzima aliyekesha harusini, na hilo linaniuma kuliko kupotea kwa faili. Na ukirekodi kwa laptopu chomoa chaja, umeme wetu ni hertz 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, na ile mmm yake inaingia kwenye rekodi hasa kama soketi haina waya wa ardhini.

Nimefika kwenye sanduku.

Ijumaa ya mwisho ya Aprili nikarudi Unguja na nyimbo tatu kwenye flashi. Si kwamba nilikuwa mwema kiasi hicho, mwalimu wangu ndiye aliyenisukuma, alisema kabla hujaniletea mimi wapelekee waliopiga. Tukakaa barazani baada ya laasiri, kijana wa pale akaleta redio yake kubwa yenye sehemu ya flashi na kioo kidogo kinachoandika jina la wimbo. Wimbo ukaanza, watu wakatabasamu, watoto wakaja. Mzee wa sanduku alikuwa amekaa kwenye ngazi, mkono gotini, anasikiliza ameinamisha kichwa. Wimbo ukaisha. Akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Siku hiyo mie nilikuwepo?"

Hakuna aliyecheka. Mimi nilidhani ni redio. Nikabana hedifoni masikioni, nikasikiliza, sanduku halipo. Lipo kama kugonga gonga kwa mbali lakini ile duu, ile sauti inayokukaa tumboni, haipo. Nilijua palepale nilichofanya. Kulikuwa na mngurumo wa jenereta la jirani kwenye rekodi, nikachagua traki zote kwa pamoja, nikaweka kichujio cha kukata sauti za chini, High-Pass, nikakikata kwenye hertz 120 kwa sababu kwenye spika za laptopu sikusikia tofauti yoyote. Bila shaka nisingesikia, spika za laptopu haziwezi kutoa sauti za chini hivyo hata ukizilazimisha. Nilimiksi wimbo mzima kwa spika ambazo tangu mwanzo hazijawahi kunipigia sanduku, kwa hiyo nilipoliondoa sikulikosa. Baadaye nilichora ile grafu ya masafa iliyomo kwenye Audacity kwa kipande alichopiga sanduku peke yake, kilima chote kiko kati ya hertz 65 na 110. Nilikuwa nimemfuta mtu mzima.

Na hapo hapo, kabla sijajieleza, bibi mmoja wa kiitikio akawa anasoma kile kioo cha redio, herufi zinapita moja moja. Likapita jina langu. Akaniuliza, "Mbona jina lako? Wewe uliimba ipi?" Wala hakukasirika, aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Audacity ya wakati ule ukitaka kutoa faili la MP3 lilikuwa linafunguka dirisha linauliza msanii nani, wimbo gani, albamu gani, mwaka gani, mimi nikajaza jina langu pale kwenye msanii bila kufikiri, kwa sababu mradi ni wangu, mtihani ni wangu. Niliona haya ambayo sijawahi kuona tena. Wengine wanauliza habari za haki miliki, Unguja ina ofisi yake COSOZA na Bara ni COSOTA, hayo ni muhimu na yafuatilieni, lakini kabla ya ofisi yoyote kuna lile dirisha dogo, na mle ndani unaandika nani amepiga. Nikatoa daftari tukaandika pale pale barazani, kila mtu jina lake anavyotaka liandikwe na anapiga nini, mmoja akataka na jina la marehemu kaka yake aliyetengeneza lile sanduku. Liliandikwa.

Nikarudi Dar nikafanya upya traki ya rekoda iliyokuwa chini karibu na tundu la sanduku. Kichujio cha jumla nikakiondoa, jenereta nikalitafuta lenyewe, mngurumo wake ulisimama sehemu moja kwenye grafu, karibu na 50, nikaukata hapo tu kwa kichujio chembamba kinachoitwa Notch, juu ya hapo sikugusa kitu. Na kila badiliko nikalisikiliza sehemu tatu: hedifoni, spika kubwa za ukumbi wa idara, na gari la mjomba, kwa sababu gari la mjomba lina besi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kasoro kubwa ya kufanyia kazi hii chumbani haiko kwenye programu, ni kwamba huna mahali pa kusikia unachofanya. Studio uliyokuwa uilipie kwa saa, kitu kikubwa unacholipia ni chumba na spika. Kama una hela kidogo ya boom, ile ya mkopo wa chuo, iliyobaki, usinunue programu, nunua hedifoni nzuri ya kufunika sikio, au lipia studio saa moja tu ya kusikiliza kazi ambayo umeshaimaliza nyumbani.

Mapungufu ya Audacity yapo na niyataje haraka. Kutengeneza biti si kazi yake, ukitaka kupanga dramu na kinanda kwa midi, yaani noti unazoziandika kwenye kompyuta bila kurekodi ala, nenda FL Studio ambayo maprodyuza wengi wa Bongo wanaitumia, ila ni ya kulipia na ya majaribio inakuruhusu kusevu lakini mradi uliousevu huwezi kuufungua tena mpaka uinunue, angalia isikukute wiki ya kukabidhi. Mwenye simu tu aangalie BandLab, ni bure. Ukiwa na traki 15 na kuendelea Audacity kwenye mashine ndogo inaanza kuwa nzito na kuzipanga inachosha. Muonekano wake wengi wanausema ni wa kizamani, mimi haunisumbui. Kwa mradi wa muziki uliopigwa na watu, traki tatu nne tano, nyimbo chache, sioni haja ya kutafuta kingine.

Idi ile iliangukia mwanzoni mwa Juni, mradi nilikuwa nakabidhi wiki iliyofuata. Idi pili nikavuka tena na flashi sita, moja kwa kila mpigaji na moja ya nyumba. Redio ile ile, baraza ile ile. Mzee akakaa pale pale kwenye ngazi. Sanduku lilipoingia kile kifuniko cha plastiki mbele ya spika kikaanza kutetemeka, akanyoosha mguu wake wa kulia, ule wa kukanyagia, akawa anaubonyeza chini taratibu kwenye saruji, wimbo mzima, hakusema neno. Bibi wa kiitikio alikuwa amesogea karibu na kioo anasubiri herufi zipite, jina lake lilipofika akamwita mjukuu aje asome kwa sauti.